Giaboksi na Alhamisi za Baba

Ijumaa, 7 Machi

Limegoma tena! Katikati ya makutano, taa ya kijani, nyuma yangu msururu wa magari, na mimi nakanyaga mafuta. Injini inaunguruma, gari haliendi. Naweka D, gia ya kwenda mbele — kimya. Narudisha P, naweka D tena. Likashtuka kama limepigwa teke, likaanza kujivuta. Dereva wa lori nyuma yangu kanitukana tusi ambalo sitaliandika humu.

Nimefika kwa mteja nimechelewa, jasho linatiririka, fimbo za mapazia niliyomshonea zimenikwaruza shingo. Mama mwenye nyumba ananiuliza kama nimekuja kwa miguu. Nikacheka. Ningefanyaje?

Giaboksi ilifunguliwa Januari, ikafunguliwa tena Februari. Aliyeniuzia aliapa kwamba gari lilikuwa la mwalimu mmoja, kazini na nyumbani tu. Mwalimu gani huyo! Labda wa mbio za magari.

Jumamosi, 8 Machi

Gereji. Fundi tunamwita Kesho, maana ndiyo siku pekee anayoijua. Amelala chini ya gari, naongea na miguu yake. Anasema oili imeungua, inanuka. Halafu: dada, kwani wewe unaendeshaje hili gari? Mimi! Kama watu wote! Nikamwambia amuulize aliyeifunga hiyo giaboksi mara ya mwisho. Ni yeye.

Alipotoka akasema, kwa upole ulioniudhi zaidi, kwamba ataisafisha, ila ikiungua tena hakuna cha kufungua, nitafute nyingine. Nyingine siiwezi sasa hivi. Na bila gari Mama haendi kliniki, basi. Tangu apooze upande wa kulia, kila Alhamisi ana mazoezi ya mkono na mguu. Teksi hataki, anaona aibu kubebwa na watu asiowajua. Anakubali gari hili tu, na dereva mmoja tu — Baba.

Jumatano, 12 Machi

Limetoka gereji. Gia zinaingia bila kelele! Nimezunguka mtaa mzima bila sababu yoyote. Mume wangu kasema niache kulisifia, litasikia.

Alhamisi, 13 Machi

Baba kaja asubuhi kuchukua gari. Shati limepigwa pasi, kofia yake ya kazini kichwani, ufunguo wa akiba anauchezesha kidoleni. Kastaafu udereva wa malori siku nyingi, lakini akishika usukani utadhani kaajiriwa leo.

Mama ameanza kukunja vidole!! Mtaalamu wa mazoezi kasema wasikose hata wiki moja, huu ndio wakati wenyewe. Mama mwenyewe kanipigia, maneno bado mazito: vi-do-le. Nimelia dukani mbele ya mteja, juu ya kitambaa chake.

Ijumaa, 14 Machi

Limeanza. Kushtuka, kujivuta. Juzi tu limetoka gereji! Nimempigia Kesho nikamporomoshea yote niliyokuwa nayo moyoni. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja — jana aliendesha nani? Nikakata simu. Asinichokoze.

Halafu cherehani ikanishinda. Ijumaa leo. Na lile la makutano lilikuwa Ijumaa. Hee.

Jumapili, 16 Machi

Leo Baba kachukua gari ampeleke Mama sokoni, nami nimejialika. Baba, nipelekeni na mimi sokoni, mgongo unaniuma. Uongo, Mungu anisamehe. Mama mbele, mimi nyuma na kikapu. Baba anaendesha taratibu, anawapisha waenda kwa miguu, sina la kusema. Mpaka mteremko wa tangi la maji, uleule wa njia ya kliniki. Tumeanza tu kushuka, mkono wake huo — N, gia huru! Gari likawa linaporomoka lenyewe, injini imetulia, upepo dirishani. Mama akacheka. Kicheko kizima, sijakisikia tangu augue. Kule chini, bado tunakimbia, Baba akarudisha D. Gari lote likaruka. Meno yangu yakagongana.

Baba, hiyo ni nini? Kuokoa mafuta, mwanangu. Kwenye lori tulifanya hivyo miaka yote, unalipumzisha. Na mama yako anapenda.

Nikahesabu miteremko mpaka nyumbani. Mimi, ninayejibu hadi redio!

Jumatatu, 17 Machi

Kesho kathibitisha. Otomatiki haichezewi hivyo, kila akirudisha D kwenye mwendo anaikaanga. Hakunicheka. Angenicheka ningemrushia spana.

Mume wangu anasema mwambie tu, baba yako si mtoto. Haya, mwambie wewe! Akaenda kuoga.

Jumanne, 18 Machi

Nimemwambia. Njia nzima nilipanga maneno, nilipofika nikayamwaga hovyo. "Baba, ni wewe unayeua giaboksi." Hivyohivyo, mbele ya Mama, mbele ya jirani aliyekuja kuazima ngazi.

Baba kaniambia ameanza kuendesha kabla sijazaliwa. Nikasema malori, Baba, siyo hili. Akatoa ufunguo wa akiba, akauweka mezani polepole. Tafuteni dereva. Akaingia chumbani.

Mdomo wangu huu!

Jumatano, 19 Machi

Kesho kabadilisha oili, kasema tumewahi, giaboksi yenyewe bado haijaungua. Baba hapokei simu.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nikiwa garini, uani kwa wazazi. Saa ya kliniki inakaribia.

Nimeingia, nimemwomba Baba radhi. Nikamwambia aendeshe yeye, ile N tu aiache. Kalala kitandani, kajigeuza ukutani. Eti macho yake yamechoka, siku hizi haoni vizuri. Haoni vizuri! Tangu lini? Kila neno nililosema baada ya hapo likaharibu zaidi.

Mama kakaa ukingoni mwa kitanda, gauni la kutokea mwilini, miguu mitupu. Nikapiga magoti nimvalishe viatu, akauvuta mguu. Wa kulia! Uleule! Nikataka kushangilia na kupiga kelele kwa pamoja. Twende, Mama, tutachelewa. Akatikisa kichwa. Nitakuendesha vizuri, Mama. Akatikisa tena, akanionyesha Baba kwa macho.

Nikatoka nikawasha gari, labda wakilisikia watajisikia vibaya. Leo ni zima kabisa, ukorofi umekwisha. Liko kwenye D, nimekanyaga breki, lenyewe linataka kwenda. Nimepiga honi. Nimepiga tena. Hakuna aliyetoka.