Tonge la Manjano

Nyakato, Jumanne

Na kosa ni langu. Jumapili mama aliniuliza huko maabara tunafanya nini hasa. Nikamweleza kwamba dawa inayotoka kwenye manjano ukiimeza hivi hivi inapotea njiani, haifiki kwenye kongosho, huko saratani ya baba iliko. Ndiyo maana tunaifunga kwenye vifuko vidogo mno vya polima vinavyoyeyuka mwilini. "Kama mtoto anavyofungiwa kidonge kwenye tonge la ugali," nikamalizia. Nikajiona mwalimu hodari!

Leo nimerudi kutoka kazini nikamkuta mama amepiga magoti mbele ya baba, tonge mkononi, manjano yanachungulia.

"Mama, hata hiyo yetu bado tunaijaribu kwa panya."

"Kwani panya ana mke wa kumhangaikia?" Hata hakugeuka.

Nilitaka kumpokonya. Sikuweza. Baba, ambaye tangu juzi hata uji unamshinda, akafumba macho, akameza, akashika tumbo. Nilingoja atapike. Hakutapika.

Akanitazama mimi, si mama.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wa haya mambo. Limefika?"

Nikasema limefika.