Supu Uliyoniapia ni ya Omena

Kaka Oluoch,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua, nilikuwepo udongo ukimwagwa. Yangu ndiyo huijui, na leo utaijua, maana nimekasirika, na nikikasirika wewe, kaka wa kazi na si wa tumbo moja, ndiye niliyezoea kumwambia.

Mwanzoni nilikulilia vizuri, kama watu wote. Nililia pale Uriri mpaka mkeo ndiye aliyenishika, badala ya mimi kumshika yeye. Nikarudi Migori nikaosha masufuria aliyonikabidhi, nikalia tena. Aliniambia niendelee, kwamba mgahawa wetu usio na nyumba ndio kitu pekee ulichokipenda kuliko usingizi. Nikakubali. Sikujua nakubali nini.

Tangu uondoke nimefungua mara mbili. Ya kwanza ilikuwa Homa Bay, uwanja uleule nyuma ya pale wanapooshea magari, unaoangalia ziwa. Nilidhani watu hawatakuja bila wewe. Walikuja. Walikaa kwenye viti vyetu vya plastiki wakangoja vijisahani vyao, walewale waliokucheka tulipoanza. Unamkumbuka yule mzee wa Rodi Kopany aliyeinua kisahani mpaka puani akauliza, "Hii ni ya kuonja ama ni ya kula?" Ukamweleza kwamba Uhispania watu hula hivyo, kidogo kidogo huku wakipiga gumzo, na Japani vivyo hivyo, na kwamba wewe ulisimama katikati ya mpishi wa Kihispania na mpishi wa Kijapani katika jiko moja la hoteli kule Doha, ukaona wanapika kitu kimoja bila wenyewe kujua. Mzee akasikiliza yote. Akasema, "Sawa, lakini ugali iko?" Akala kila kisahani kilichopita mbele yake, halafu akaenda kutafuta ugali kwingine. Tulicheka mpaka ukaangusha kijiko.

Basi siku hiyo ya kwanza bila wewe nilifanya kila kitu ulivyonifundisha. Viazi na mayai vya Kihispania nilivigeuza kikaangoni bila kuvunjika. Minofu ya samaki mbuta niliipaka soya na sukari nguru, nikaichoma juu ya makaa mpaka ikang'aa. Lakini supu, kaka. Supu ilinikataa. Ile supu uliyokuwa ukiipitisha kwenye kila kitu: wali wa Kihispania, mayai ya mvuke ya Kijapani, kile kikombe kidogo cha kumkaribishia mgeni. Nilichemsha omena, dagaa wetu wa ziwani, kama ulivyosema, kwa moto mdogo, nimeshatoa vichwa na matumbo. Yakatoka maji ya omena. Wateja walikuwa na adabu. Walisema, "Iko sawa tu," na wewe unajua Mjaluo akisema chakula kiko sawa tu anamaanisha nini.

Nikadhani mkono wangu ndio mbovu. Nikarudia maneno yako ya hospitalini, siku zile ulipokuwa bado unaongea, ulivyonipa maagizo ya visu na ya mkaa na ya kuosha mchele. Nilikuuliza habari za supu. Ulifumba macho, ukatabasamu, ukasema, "Omena tu, nyar Rodi. Omena na subira." Uliniambia hivyo, mimi binti wa Rodi, ukiwa unakufa. Likumbuke hilo huko uliko, maana mimi silisahau.

Nikasema labda ni omena yenyewe. Wewe ulikuwa ukienda kuinunua Muhuru Bay peke yako, na kila nilipotaka kufuatana nawe hukukosa sababu: barabara mbaya, jua kali, pikipiki haibebi mizigo na watu. Safari hii nikaenda. Nikaonyeshwa Mama Apiyo, yule anayeanika omena kwenye nyavu kuukuu karibu na boti. Nilipomtajia jina lako alilia kwanza. Kisha akajifuta uso kwa leso, akaingia kibandani, akatoka na gunia, akalifungua mbele yangu kwa furaha ya mtu aliyekuwa amekuwekea zawadi. "Hizi ndio zake," akasema. "Bado nilikuwa namwekea."

Vichwa vya mumi. Vimekaushwa kwa moshi mpaka vimekuwa vyeusi, na zile sharubu zimekauka kama waya. Mumi, kaka. Kambare. Samaki asiye na hata gamba moja, ambaye kwetu sisi Wasabato hafiki mlangoni, sembuse chunguni.

Nikamwambia Mama Apiyo amekosea, Oluoch alikuwa akichukua omena. Akanicheka kwa upole, akaniita mtoto wake. "Omena ni ya kuongezea tu, nyathina. Supu ni hii. Alikuwa anasema huko Japani wanatumia samaki ya moshi, na hapa kwetu hakuna ingine inafikia mumi." Alikuwa akijivunia wewe. Hakujua anachonifanyia, masikini, na mimi sikumwambia. Akanibebesha gunia zima.

Wewe ni Mkatoliki, mumi kwako ni samaki kama samaki. Sikuwahi kukusema kwa hilo. Ungeniambia tu, ningetengeneza sufuria yangu pembeni. Kwani Sabato hukuiheshimu? Mteja akitaka tumpikie Jumamosi ulikuwa ukimjibu kabla sijafungua mdomo, "Jumamosi nyar Rodi haguswi." Nikisikia hivyo nilikuwa najiona nina ndugu. Ndiyo maana inauma. Angekuwa mtu asiyejali ningesema hakujua. Wewe ulijua vizuri, ukajua mpaka siku, ukajua mpaka saa jua linapozama.

Na watu wa kanisa ni nani aliyewaleta? Si mimi? Wanakwaya wenzangu, mzee wa kanisa na mke wake, wote walikuja kwa neno langu, kwamba pale hawatalishwa kitu cha kuwasumbua roho. Mama yangu mwenyewe, shemasi wa Rodi, mwanamke asiyekula hotelini hata chai, alikuja. Akakuuliza mbele yangu kama kuna mumi. Ukamshika mkono, ukainama kama mtoto wake, ukasema, "Mama, kwetu ni samaki wa magamba tu." Ukamletea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa. Akaomba kingine.

Nilipotoka Muhuru nilikwenda moja kwa moja Rodi kumwambia. Nilimkuta akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilitaka anikasirikie, alie, anipeleke kwa pasta. Alisikiliza bila kuinua kichwa. Kisha akasema, "Nilijua."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaniambia, "Mimi si nimezaliwa Muhuru? Nilikula mumi mpaka siku nilibatizwa. Hiyo ladha mtu hasahau." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. "Ulikuwa umefurahi sana, nyathina. Nikasema hiyo nitaongea na Mungu mimi mwenyewe." Akarudi kwenye maharagwe yake. Na kile kikombe cha pili, kaka, aliomba akijua! Sikuweza hata kumcheka.

Ndipo nikaona. Mama alijua, Mama Apiyo alijua, na naamini nusu ya waliokula pale walijua, kwa sababu ni watu wa ziwani. Mimi peke yangu sikujua, niliyezaliwa ndani ya kanisa, ambaye kabla yako mumi hakuwahi kupita kwenye mdomo wangu. Na mimi ndiye uliyenifanya mwonjaji. Nilikuwa najisifu kwa watu kwamba umeniamini kuliko wapishi wa mahoteli. Ulinichagua kwa sababu mimi ndiye nisingeitambua. Kila Jumapili, "Onja, nyar Rodi," huku mkono wako mwingine uko chini ya kijiko nisimwagikiwe nguoni. Ninafumba macho, nasema ongeza chumvi kidogo, na wewe unanitazama. Ulikuwa unanitazama kutafuta nini?

Nimekutafutia sababu. Nimesema labda ilianza siku moja tu, ya kujaribu, ukapanga kuniambia ikikubalika, halafu ikakubalika mno ukaogopa. Nimesema labda uliona mimi ni mgumu. Nimechoka kukutafutia sababu, wewe ulikuwa na siku zote zile kitandani na ulimi unafanya kazi.

Jumapili iliyopita tulikuwa Migori, kwenye ile baraza. Kabla kisahani kimoja hakijatoka nilisimama nikawaambia kwa Kiswahili, ili Wajaluo na Wakuria na watu wa ofisini wote wasikie, kwamba supu waliyokuwa wakinywa hapa ilikuwa ya mumi, kwamba sikujua, na kwamba leo sina supu. Watu wa Muhuru wakaanza kucheka. Mmoja akapaza sauti, "Sasa si hiyo ndio ilikuwa inatuleta?" Lakini wa kanisani hawakucheka. Walinyanyuka mmoja mmoja, wakachukua mikoba yao. Rafiki yangu ninayesimama naye kwenye sauti ya pili aliniangalia akasema, "Wewe ndio ulikuwa unaonja, Achieng. Na unasema hukujua?"

Nina shahidi mmoja tu duniani wa kusema kwamba Achieng hakujua, na shahidi huyo ni wewe, na wewe umelala Uriri. Hivyo ndivyo ulivyoniacha. Si supu wala mgahawa. Umeniacha na neno langu ambalo hakuna anayelichukua. Kwaya sijaenda wiki hii.

Mgahawa sitaufunga. Nimejifunza kazi hii na ni yangu, hukunipa bure. Mwezi ujao nitakuwa Homa Bay, na supu ya mumi itakuwepo, itatajwa jina kwa sauti kabla haijamiminwa, na ya omena itakuwa pembeni yake kwa wanaoitaka, hata ikiwa maji. Nitatafuta mtu mwingine wa kuonja ile yako. Nitawapikia watu wako vizuri, kwa sababu hawakunikosea. Kaburini kwako sitakuja sasa. Nitakuja siku moja, sijui lini, usiningoje.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu, hata mama. Pale Muhuru, Mama Apiyo alipolifungua lile gunia na ule moshi ukanifikia, kabla sijaelewa ninachokiona, mdomo ulinijaa mate. Nilifurahi. Nilisema moyoni, ndiyo hii. Mwili wangu ulikuwa umeshaijua na kuipenda kwa muda mrefu, wewe ukiulisha, mimi nikiwa sina habari. Na mpaka leo nikipita penye samaki wa moshi nageuza kichwa.

Sitaionja tena maishani mwangu. Ahadi hiyo nimempa Mungu, wewe nakujulisha tu, kwa kuwa ni wewe uliyeifanya iwe ngumu.

Kwaheri, kaka. Lala wewe. Mimi bado naitamani.

Achieng, nyar Rodi