Kamba Niliyoisogeza kwa Shemeji

Uluguru, Septemba 1911

Bwana Mshauri mpendwa, salamu nyingi, na baada ya salamu naomba msaada wako upesi, maana nina jambo la nyonga na jambo la dhambi, na yote mawili yamefungana hata sijui nianzie lipi.

Mimi ni mpagazi wa ulanga, ule unaong'aa kama kioo unaochimbwa huku juu milimani, tunaushusha katika makasha mpaka stesheni ya Morogoro, kasha moja watu wawili, linaning'inia kwa kamba katikati ya mpiko, ule mti tunaouweka mabegani, mmoja mbele mmoja nyuma, na mwenzangu wa mbele ni Petro, kaka wa mke wangu Felista. Tangu masika nyonga yangu ya kulia imeharibika, maumivu yanaanza takoni yanashuka nyuma ya paja mpaka kisigino, nikikohoa yananichoma, nikikaa kuinuka ni kazi, nikilala kugeuka ni kazi, na siku nyingine mguu unakufa ganzi nakanyaga mawe bila kuyasikia. Sikumwambia mtu, maana kwa desturi yetu nimeoa na kukaa kwenye ardhi ya ukoo wa mke, shamba si langu, kiwanja si changu, na mume asiyeweza kubeba wala kulima wakwe humwambia rudi kwa mama yako, na Felista ana mimba ya miezi sita.

Aliyejua ni mmoja tu, Bibi Paskalia, mama wa mama yao. Aliniona nachechemea mtoni akaniita, "Mjukuu wangu, huo ni mshipa, usinifiche," nikamwomba kwa jina la Bikira Maria asimwambie mtu, akakubali, na tangu siku hiyo kila alfajiri huenda porini kuchimba mizizi, anaichemsha, ananikanda kwa kitambaa cha moto nyuma ya banda lake la kuku, nami napata nafuu ya nusu siku.

Sasa sikiliza dhambi yangu. Anayefunga kamba kila asubuhi ni mimi, nikaanza kuisogeza mbele, vidole viwili, siku nyingine vidole vinne, kasha likawa karibu na Petro kuliko mimi, naye yuko mbele hatazami nyuma, akasema tu, "Shemeji, makasha ya mwezi huu mazito, au ndio nazeeka?" nikacheka naye. Nilicheka, Bwana Mshauri. Mwezi uliopita Petro alianguka njiani, na maumivu yake ni yale yale yangu, takoni mpaka kisigino, ila kwake ni mguu wa kushoto, na mpaka leo hatoki nje bila kushikwa.

Ukoo ukakaa kuuliza nani amemloga, mtu mmoja akasema amemwona Bibi Paskalia alfajiri akichimba mizizi, tena wote wanajua kwamba alimnyima Petro shamba la bondeni. Wakamuuliza mizizi ni ya nani. Akajibu, "Ya mgonjwa wangu," hakunitaja, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo mkekani. Jumapili ya pili kuanzia leo watamnywesha mwavi, sumu ya kumpima mchawi, kwa siri, maana Serikali imekataza, ukiutapika huna hatia, usipoutapika unakufa, na yule bibi hana hata nguvu ya kutapika. Nikisema nitafukuzwa na mtoto atazaliwa sipo. Nikinyamaza, mwisho wake unaujua. Nifanye nini, na hii nyonga ina dawa?

Ni mimi, Dominiko


JIBU

Dominiko (majina yote nimeyabadili kabla ya kuchapa),

Mimi Stambuli ni Mnyamwezi, nimebeba pembe za ndovu miaka kumi na mmoja kabla ya reli, kwa hiyo ni mtani wako na nina ruhusa ya kukutukana. Mpumbavu wewe! Bibi anakuchimbia dawa, anakutunzia siri, nawe unakaa mkekani unatazama akihukumiwa kwa mizizi iliyokukanda wewe. Huyo mshipa umekupanda mpaka kichwani?

Huruma ninayo, usidhani sina. Mshipa huo ulinilaza Mpwapwa siku tisa nikilia kama mtoto, na hofu ya wakwe naijua. Lakini baba aliyefukuzwa anaweza kuombewa msamaha akarudi, ndugu yangu. Aliyekunywa mwavi haombewi na mtu.

Hapo hapo unapomaliza kusoma, nenda kwa Petro kwanza, na uuchukue ule mpiko. Kamba ya mzigo huacha alama kwenye mti. Mwonyeshe ilipokuwa zamani na ulipoipeleka. Maneno yako wazee watabishana nayo mpaka jioni, mti hawatabishana nao. Kisha simama mbele ya ukoo, funua miguu yote miwili, waone wa kulia ulivyokonda, maana mshipa huo hukondesha mguu, useme, "Mgonjwa wa Bibi ni mimi, na aliyemuumiza Petro ni mimi." Usiongeze shetani wala bahati mbaya.

Sasa nyonga, yako na ya Petro, maana dawa ni moja. Acheni mizigo mpaka ganzi iishe, ila msilale kutwa nzima, tembeeni polepole mahali pa tambarare. Mkilala chali, inueni miguu juu ya kigoda, magoti yakunjwe, mshipa upumzike. Kukanda kwa moto Bibi anakujua kuliko mimi, aendelee. Mtu asiwakanyage mgongoni, hata akisema babu yake aliponya hivyo. Mkirudi kazini, kuinua ni kwa magoti, si kwa kiuno, kamba katikati, na mbele na nyuma mpokezane kila kituo. Mkojo ukizuilika, au ganzi ikishika katikati ya mapaja, hiyo si ya mizizi tena, kimbilieni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Barua yako imenifikia leo Jumatano, Jumapili ya mwavi ni hii inayokuja, na gazeti hutoka mwisho wa mwezi. Kwa hiyo jibu hili nimelinakili, nikampa mtu wangu Yunusi anayepanda gari la moshi kesho, akupe mkononi Ijumaa. Nimempa na barua ya pili, imefungwa, ya kwenda kwa padre wenu, yenye habari ya mwavi. Si ya boma, maana boma likija litapiga viboko kijiji kizima. Ukishasema mbele ya wazee, Yunusi atanirudishia barua hiyo bila kufunguliwa. Jumamosi jua likizama hujasema, ataifikisha. Bibi hatakunywa mwavi, hilo nimeshalimaliza. Wewe chagua tu kama ataokolewa na mjukuu wake au na Mnyamwezi asiyemjua.