Siku kifuniko kilipokuwa juani

Jumanne usiku

Mashine ya kupukuchua mahindi niliyoiona leo Dumila si yangu, ila watu wanaiita yangu.

Kaitengeneza Shabani, fundi mwenzangu. Mwaka jana alikuja karakana kwangu na futi kamba, akapima mashine yangu ya kupukuchua yote, aige. Sikumzuia. Fundi anayemficha mwenzake kazi huku kwetu anaitwa mchoyo.

Bahati mbaya siku hiyo kifuniko cha mkanda unaozungusha mashine nilikuwa nimekitoa nikipake rangi, kiko juani kinakauka. Alizouza zote hazina kifuniko.

Leo mama mmoja anamimina mahindi, mtoto mgongoni, ncha ya kitenge inapepea pale pale kwenye mkanda. Nikamwomba azime. Akacheka. "Ndivyo zilivyo, kaka. Hizi si za Fundi Mkude?"

Mkude ni mimi.

Nimempigia Shabani. Hakumbuki amewauzia akina nani. "Jumamosi nakuja kukipima hicho kifuniko, ndugu yangu. Na ile mashine yako mpya ya kukatia majani, naipima hapo hapo."

Ile mpya nimeikagua hadi giza likaingia. Sioni kasoro. Hilo ndilo linalonitisha: kasoro nisiyoiona mimi, ataiuza yeye.

Nimeifungua yote, nati moja moja, Jumamosi asikute cha kupima.