Jicho analolifumba Mama

Shoga, mwenzio nimeishiwa nguvu. Ndiyo kwanza tumerudi na Mama kutoka kwa daktari wa macho.

Daktari kamziba jicho la kulia, kamwambia asome herufi za ukutani. Mama akamjibu, "Washa taa kwanza, mwanangu."

Taa ilikuwa inawaka!! Taa inawaka, shoga, na mama yangu anasema washa taa!

Kumbe la kushoto halioni kabisa, na hajui tangu lini. Si unajua anavyotia uzi kwenye sindano? Miaka thelathini ya ushonaji analifumba hilo hilo la kushoto. Angejuaje?

Daktari anasema nyuma ya jicho kuna utando unaitwa retina, ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Wa Mama umebanduka.

Mama akachangamka. "Kama bitana ya koti? Bitana si inarudishiwa tu!"

Daktari akainamisha kichwa. "Ungewahi, mama, tungeurudishia."

Mimi nilimpeleka apimwe miwani tu, jamani. Miwani!

Sasa hivi yuko kwenye cherehani yake, anatia uzi. Bado analifumba lile lile.