Mkanda wa gita usikuaibishe

Kerubo mjukuu wangu,

Hapa Gesima tuko wazima. Chai imechipuka, ng'ombe amezaa, na nyanya yako bado anazidi kunipigia kelele. Jirani ndiye anaandika hii, mimi natoa maneno tu.

Umeuliza ufunge mkanda wa gita namna gani isianguke ukiruka mbele ya watu. Umeuliza bingwa! Nikipiga gita kwa harusi kule Nyaramba, hata bibi harusi alikuwa anasahau bwana yake.

Lakini harusi moja nilifunga mkanda na kamba ya mgomba. Ilikuwa imekauka, na mimi nikaona uvivu kuilowesha. Gita ilikuwa ya mjomba, na mjomba alikuwa hapo ananiangalia! Niliruka mara moja tu, kamba ikakatika. Nikadaka gita na goti. Watu wakashangilia, wakidhani ni staili.

Msichana mmoja hakushangilia. Akaja akaniambia, "Wewe, hata mbuzi ya baba amefungwa vizuri kukushinda!"

Akakata kipande ya chubu ya baiskeli, ile mpira ya ndani ya gurudumu, akaitoboa katikati. Tukaingiza mkanda kwa kile kifundo kidogo kimetokeza mwisho wa gita, halafu akasukuma ile mpira juu yake, ikabana. Niliruka mpaka jioni, haikutoka!

Fanya hivyo, mama. Halafu simama kando ya kitanda, gita ikitoka ianguke kwa godoro, mwambie mwenzako avute mkanda kwa nguvu. Usione haya kukaguliwa.

Yule msichana ndiye nyanya yako. Mpaka leo sitoki kwenda kanisa kabla hajavuta vifungo vya shati yangu.

Babu yako