Mjomba Kwenye Harusi ya Annastella

Kanazi

Dada Edvina mpendwa,

Mwanangu Najibu ameota jino, halali wala mimi silali, lakini ungeona harusi ya Annastella! Mjomba Kahangwa, mshereheshaji, aliniona nimempakata Najibu wangu, aliyechukua sura ya baba yake Mwarabu, akatangaza: "Hako kaarabu kanakula matoke kweli? Karudishwe kwao!" Watu wakacheka. Bi harusi akampokonya kipaza sauti. "Mjomba, keti! Huyu ni wetu!" Hema zima likashangilia, nikalia kwa furaha!

Video imesambaa, kila kamati ya harusi iliyomkodi Mjomba imemwacha. Sasa amekutuma uniombe nimtetee. Dada, nampenda. Aje, nitampikia, atakula ashibe. Ila mtoto hampakati mpaka aombe radhi mbele ya watu walewale aliowachekesha.

Mdogo wako,
Immakulata